Koti la Chini ya Chuma

Jumatatu asubuhi Johari alipanda ngazi kutoka ghorofa ya chini ya jumba moja la maigizo, katikati ya Washington, akiwa na kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne kiganjani na moyo ukimwenda mbio kama cherehani ya umeme iliyokanyagwa na mtoto. Kwenye karatasi palikuwa na neno moja tu, *aketoni*, na chini yake: kifua inchi arubaini na nne, Ijumaa saa nane mchana.

Aliyemwandikia ni Adela, mama wa kutoka Moshi aliyekuja Marekani kulea watoto wa mtu wa ubalozini. Mtu wa ubalozini akarudi kwao, Adela akabaki, na leo, miaka ishirini baadaye, ndiye mkata nguo mkuu wa karakana ya mavazi pale. Walikutana harusini Greenbelt. Adela aliiona kofia kichwani mwa bwana harusi, akaivua bila kumwomba ruhusa mwenye kichwa, akaigeuza ndani nje, akauliza nani kaishona. Watu wakamwonyesha Johari, aliyekuwa akizunguka na sinia la sambusa. Hapo hapo Adela akamwambia kwamba msaidizi wake amestaafu, kiti kiko wazi, na anayekitaka aje ajaribiwe.

Sasa, Johari alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kumtaka Baba Nuha, ambaye naye, tusimseme sana, siku hizi yuko Ohio na mke mwengine. Kwao Wete, Pemba, alishika sindano akiwa na miaka minane. Alipofika ishirini watu walikuwa wakitoka Unguja kuja kumwagiza kofia, na hakuna aliyemwita Johari, walimwita fundi. Kisha akaja Marekani, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akinyanyua wazee katika nyumba moja ya kuwatunza huko Beltsville. Anawageuza, anawaosha, anawabembeleza wale chakula. Wazee wenyewe wanampenda. Kiuno chake ndicho kisichowapenda. Lakini kiuno ni kiuno, kinakandwa. Kilichomtia kiwewe ni vidole. Mwaka jana alianza kofia mpya, akakuta vitobo vyake vya kudarizi vinakwenda upande kama vya mwanafunzi, akaitia kofia ndani ya mfuko na mfuko chini ya kitanda. Akikikosa kiti hiki, alijua, atakuwa mtu aliyewahi kuwa fundi. Na waliowahi kuwa kitu wamejaa tele Hyattsville anakokaa: aliyewahi kuwa mwalimu, aliyewahi kuwa hakimu, aliyewahi kuwa na mpishi.

Taabu ni kwamba hakujua aketoni ni mdudu gani.

Adela alipolitaja lile neno, na kusema mwigizaji atakayevaa kitu hicho atapigwa kweli, Johari aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyezaliwa ndani ya aketoni na kuachishwa ziwa humo humo. Alikokulia yeye fundi hamwulizi mteja. Mteja akisema nataka kitu fulani, fundi husema haya, inshallah, kisha hungoja mgongo wa mteja upotee kwenye kona, ndipo atoke mbio kwa jirani kuuliza.

Jirani wa kwanza alikuwa mwanawe. Nuha ana miaka kumi na saba, anakielewa Kiswahili chote, matusi yakiwa mstari wa mbele, na anakijibu kwa Kiingereza. Alibonyeza simu, akasema ni vazi la vita la Wazungu wa miaka mia saba, mia nane iliyopita, la kuzuia panga. Akaonyesha picha. Johari alitegemea chuma, akaona koti la kitambaa, nene kama godoro la mtoto, limeshonwa mistari mistari kutoka mabegani hadi karibu na magoti. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena.

"Kitambaa ndicho kizuie upanga?"

Nuha alipandisha mabega. Yeye ameulizwa ni nini, hakuulizwa kwa nini.

Jirani wa pili alikuwa Njuguna wa ghorofa ya juu, anayeendesha teksi ya kuitwa kwa simu na kutoa ushauri bila kuitwa. Jumatatu ile ile alimpeleka Johari kununua turubai laini na pamba ya kujazia matandiko, na njia nzima, taa nyekundu moja hadi nyingine, Johari aligonga vidole kwenye kioo cha mlango mpaka Njuguna akamuuliza kama anapiga simu kwao. Alipoonyeshwa picha, hakusita hata kidogo.

"Mama Nuha, hiyo kitu lazima iwe ngumu kama mlango wa benki," alisema. "Hao watu wa kitambo risasi yao ilikuwa upanga. Ukiitengeneza laini, huyo msee ataenda nyumbani akibeba mbavu zake kwa mfuko."

Ngumu. Johari alilibeba neno hilo kifuani mpaka nyumbani, na kabla hajafungua mlango jibu lilikwisha kumjia, tena aliona haya kwamba halikumjia mapema. Kofia ya mkono ikitoka kushonwa huwa laini, imelegea, huwezi kumvalisha hata paka. Ndipo huoshwa, hutiwa wanga uliopikwa ukawa kama uji mwepesi, huvikwa kwenye bakuli au sufuria yenye kipimo cha kichwa, na huanikwa. Ikikauka hugongwa kwa ukucha ikalia. Kitambaa kinachotakiwa kuwa kigumu hutiwa wanga. Kwa mtu wa Wete hilo halina mjadala. Akaenda kwa Wakongo wa mtaa wa pili, akanunua wanga wa muhogo pakiti sita. Mwenye duka akamuuliza kama ana msiba wa watu wengi.

Alishona Jumatatu, akashona Jumanne akitoka zamu, na muda wote hakukaa kitini dakika ishirini mfululizo. Anashona mstari, anainuka, anafungua friji, hatoi kitu, anaifunga, anarudi. Mistari ya kukaza pamba aliipitisha kwa cherehani. Lakini vitobo vya mbele, vya kupitishia kamba za kufungia, hivyo vilitaka mkono: unatoboa, unazungusha uzi ukingoni mpaka kitobo kinakuwa na mdomo mgumu, unakwenda kingine. Vilikuwa ishirini na vinne. Cha kwanza kikaenda upande. Cha pili vivyo hivyo. Akavifumua vyote viwili, akasimama dirishani akiyatazama magari ya chini, akavianza upya. Kwenye cha saba aligundua kwamba ameacha kuhesabu mizunguko ya uzi. Vidole vilikuwa vikihesabu vyenyewe. Alipumua polepole, kama mtu aliyeona ndege ametua karibu naye.

Jumatano, siku yake ya mapumziko, akapika wanga kwenye sufuria ya pilau, akaumimina kwenye beseni la kuogea, akalizamisha koti. Akalitundika mbele ya mashine ya joto siku nzima na kuligeuza kila saa. Jioni lilikuwa limekauka, naye akalishusha chini.

Koti lilisimama. Sisemi lilikaa vizuri. Nasema lilisimama, peke yake, katikati ya sebule, mikono imetanuka kidogo, kama mgeni anayengoja kuambiwa akae wapi. Nuha alitoka chumbani akapiga kelele, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Njuguna alipokuja kurudisha chombo aliliamkia shikamoo, akaligonga kifuani kwa vifundo, likalia kama debe. Akamwambia Johari kwamba kazi amepata, hata aanze kutafuta viatu vya ofisini.

Johari alicheka nao. Lakini walipotawanyika alibaki akilizunguka. Lilikuwa zuri. Tangu aje nchi hii hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Akajaribu kukunja mkono mmoja wa koti penye kiwiko, ukakataa. Akaukaza, ukatoa mlio wa kaukau. Mtu mwenye mkono usiokunjika, alijiuliza, anaupigaje huo upanga? Akajijibu kwamba pengine Wazungu wa zamani walipigana wamenyoosha mikono. Jibu hilo halikumtosha hata yeye aliyelitoa.

Alhamisi, alipomaliza zamu, hakwenda nyumbani. Alipanda treni hadi mjini, kwenye makumbusho anakolinda Mwalimu Simiyu. Mzee huyu wa Bungoma alifundisha historia miaka thelathini, na sasa anavaa sare ya buluu na kuwakataza watoto kuegemea vioo. Johari alimkuta kwenye ukumbi wa watu wa chuma, mikono nyuma, akitembea kwa hatua za kuhesabu kwa sababu kukaa hakuruhusiwi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Johari. Umekuja kuiba au kuangalia?"

Alimweleza yote, huku wakitembea sambamba, yeye akipitiliza na kurudi kwa vile hatua zake zilikuwa za haraka. Simiyu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsimamisha mbele ya fulana iliyofumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, imetundikwa ndani ya kioo, imelegea kama nyavu.

"Hiyo ndiyo ya nje," alisema. "Katika Kiswahili unaweza kuiita dirii. Upanga ukiipiga, haukati. Lakini angalia ilivyolegea. Inazuia ncha na makali, uzito wa pigo haiuzuii. Pigo linapita kwenye pete kama maji kwenye chujio, linakwenda moja kwa moja kwenye mfupa. Chuma kinakuzuia usikatwe. Usivunjike, hiyo ni kazi ya koti la chini."

"Koti gumu," alisema Johari.

"Nani kakwambia gumu?"

Johari hakumtaja Njuguna. Simiyu akaanza tena kutembea, maana mkubwa wake alikuwa amechungulia mlangoni, na akawa anaongea bila kugeuza shingo, kama wanavyofanya walinzi. Alisema neno lenyewe linajieleza. Zamani pamba ilikuwa kitu cha kutoka mbali kwa watu wa Ulaya. Waliijua kutoka kwa Waarabu, kule walikokwenda kufanya biashara na kule walikokwenda kupigana. Waarabu waliiita *al-kutn*. Wafaransa wakalichukua neno na kiambishi chake, likawa *auketoni*; Waingereza wakalipokea kwao, wakaliita *aketoni*. Kitu kilichojazwa ndani ndicho kikawa jina la koti zima. Hata baadaye watu walipojaza matambara, jina halikubadilika.

"Kwa hiyo huyo mama alipokuandikia aketoni," alisema Simiyu, "alikuandikia pamba. Inameza pigo kwa sababu ni laini. Umeiweka ngumu kwa nini?"

Johari aliiona kwa macho ya akili lebo ya fulana alizokuwa akiletewa na shangazi yake kutoka Maskati: *kutn*, mia kwa mia. Ameivaa miaka yote shingoni, lebo ikimwasha. Aliaga, akashuka ngazi mbilimbili, na kiuno kikamkumbusha kwamba bado kipo.

Njiani kurudi Hyattsville alisimama, ingawa viti vilikuwa vitupu. Mambo yalikuwa mawili tu na yote mabaya. Anaweza kulipeleka koti kama lilivyo, lisimame mbele ya Adela kama lilivyosimama sebuleni, na kuomba Mungu macho yashibe kabla ya mkono kugusa. Au anaweza kulifua, wanga utoke, na kitambaa ambacho hakijawahi kuona mashine ya kukaushia kifanye kitakalo siku ile ile ya mwisho. Akilifua, huenda likaharibika mbele ya macho yake. Asipolifua, limekwisha haribika, ila anayejua ni yeye peke yake. Na mtu atakayelivaa atapigwa kweli. Adela alisema hivyo tangu mwanzo. Ubao kifuani, juu yake pigo. Johari ameosha wazee wengi waliovunjika mbavu. Anajua wanavyopumua.

Ijumaa alibadilishana zamu na mwenzake Akinyi, na saa mbili asubuhi alikuwa kwenye duka la mashine za kufulia, akilisukuma koti ndani ya mlango wa duara kwa goti. Lilikataa kuingia kama mbuzi. Alilifua mara mbili. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama tui. Kisha akalitia kwenye mashine ya kukaushia, akasimama mbele ya kioo chake akilitazama likizunguka, mikono ya koti ikipepea na kuzama, ikipepea na kuzama, mpaka kijana mmoja aliyengoja nguo zake akamuuliza kama kuna mtu ndani.

Saa sita lilikuwa bado bichi pindoni, na limerudi, limepungua kipimo. Hakuhitaji kulipima. Alilishika mabegani, akalinyoosha mbele yake, akaona jinsi lilivyojikunja ndani kwa hofu, kila mstari umevuta wenzake. Alilitia mfukoni hivyo hivyo, akaenda.

Karakana ya Adela ina meza ndefu, taa kali, na vichwa vya mbao visivyo na nyuso. Alikuwepo pia Christopher, mwigizaji wa Kimarekani mwenye mabega kama kabati, aliyekuja kupigwa kwa ajili ya sanaa. Adela alilitoa koti mfukoni, akalitazama, akamkabidhi. Christopher aliingiza mkono mmoja. Wa pili haukupata njia. Alijikunja, akajinyoosha, akaomba radhi kwa upole, kana kwamba ni yeye aliyekua.

"Nilikuandikia arubaini na nne," Adela alisema. "Hii ni ya mtoto wa komunio ya kwanza."

"Ilikuwa arubaini na nne mpaka leo asubuhi, dada."

"Na leo asubuhi ikafanya nini?"

Johari alikuwa ametunga maneno kwenye treni, mazuri, yenye kumlaumu muuza kitambaa. Yote yakampotea. Alisema alilitia wanga. Akaeleza kofia inavyofanywa, na kwamba alidhani silaha ya kitambaa lazima iwe ngumu, na kwamba jana ameambiwa maana yake, akalifua.

"Wanga," Adela alisema.

"Wa muhogo."

"Kwenye aketoni." Adela aliliweka koti mezani, akalipapasa kwa kiganja wazi. "Jumatatu uliitikia kwa kichwa hapa mbele yangu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenipa kazi?"

Adela alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli anapoulizwa. "Nisingekupa," alisema. "Lakini saa hizi pia sijaona cha kukupa. Hili siwezi hata kulijaribu. Nani ataingia humu?"

Johari tayari alikuwa amelichukua mezani. "Mie," alisema.

Aliuchomeka mtandio wake shingoni, akaingiza mkono wa kwanza, wa pili, akauma meno, akaingia. Ubichi ulimpenya mpaka kwenye gauni. Alifunga kamba moja moja kutoka chini hadi juu, vidole vikizipata njia zao, na alipofika juu alikuwa mwembamba kuliko alivyokuwa tangu azae. Adela alichukua upanga wa mbao ulioegemezwa ukutani. Christopher akaanza kusema kitu, akaamua kuyatazama mafundo ya viatu vyake.

"Nitapiga," Adela alisema.

"Piga, basi. Usije ukanipapasa kama mchumba."

Pigo lilitua ubavuni, chini ya mkono. Lilitoa sauti fupi, nzito, kama mto unaotupwa sakafuni. Johari aliyumba hatua moja. Aliusubiri ule uchungu, akausubiri, na ulipofika ulikuwa umepungua sana njiani, umebaki kama kusukumwa na mtu mwenye haraka sokoni.

"Umeumia?"

"Kwani umeshapiga?"

Adela alipiga tena, safari hii akiuweka mwili ndani yake, mgongoni. Kisha begani. Kisha akaacha upanga, akapiga magoti mbele ya Johari bila salamu, akaanza kuvuta kamba, moja moja, kwa kidole gumba, akitafuta palipochanika. Koti lilikuwa limebana kiasi kwamba kila kitobo kilikuwa kinavutwa pande mbili, na limepigwa mara tatu juu yake. Alivipitia vyote ishirini na vinne. Alirudi kwenye kimoja, akakitazama kwa karibu mpaka pua ikagusa.

"Hivi vitobo umevifanya kwa mashine gani?"

"Mashine hiyo ninayo kumi," Johari alisema, akavipepea vidole.

Adela hakucheka. Aliinuka akijishika magoti, akaenda kwenye rafu, akashusha jora zima la turubai, likatua mezani kwa kishindo. Alisema anataka sita kabla mwezi haujaisha. Kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, si baada. Pamba iwe tabaka mbili kifuani. Na siku atakapomwona ameitikia kwa kichwa jambo asilolijua, atamrudisha Pemba kwa miguu.

"Sasa livue, uje tujaze fomu."

Hapo likazuka jambo. Koti halikuvulika. Kamba zilifunguka, lakini mikono iliyobana na ubichi wake ilimshika Johari viwikoni. Adela alivuta upande mmoja, Christopher akaitwa avute pindo la mkono wa pili tu, bila kumgusa mwenyewe, na Johari katikati yao akawa anakwenda kushoto na kulia kama pazia. Mkasi ulikuwa mezani. Adela aliunyooshea mkono.

"Ukilikata, dada, mie na wewe tumegombana," Johari alisema.

Basi fomu ikajazwa na Adela, kwa mkono mmoja, mwengine ukiwa bado unavuta. Jina, akaandika. Anwani, akaandika.

"Kazi yako ya sasa?"

"Fundi."

"Ya sasa, nimeuliza. Unayoifanya leo."

"Nimekusikia," Johari alisema.

Adela alimtazama, jasho likimteremka penye paji, mtandio umemkaa upande, mikono imenyooka mbele kama ya mtu anayepokea mtoto. Akaandika: fundi. Kisha akamwambia Christopher aanze tena, taratibu, na mkono wa kushoto.